Namna ya Kutengeneza na Kuuza Vifaa vya Kale vya Mazingaombwe kwa Haki

Kifaa cha mazingaombwe hakifanani na bidhaa nyingine za seremala. Anayenunua meza ananunua mbao na kazi ya mikono. Anayenunua kabati la kiinimacho ananunua pia wazo lililofichwa ndani ya mbao hizo, na mara nyingi wazo hilo lina mwenyewe. Likinakiliwa ovyo na kusambazwa, mbunifu hapotezi mauzo tu. Anapoteza siri, na siri ikishatoka hairudishwi kwa fidia wala kwa hukumu ya mahakama.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya seremala, fundi wa chuma au mwanamazingaombwe mwenye mkono wa ufundi, anayetaka kutengeneza upya vifaa vilivyotamba katika kumbi za London, Paris na New York tangu karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, kisha kuviuza. Hautafichua siri ya kifaa chochote ambacho bado kinatumika jukwaani. Utaeleza jinsi ya kujua kifaa ni cha nani, jinsi ya kupata ruhusa, jinsi ya kukijenga kisimdhuru anayeingia ndani yake, na jinsi ya kuchagua mnunuzi, jambo ambalo mafundi wengi hawalifikirii hata kidogo.

Jua kwanza kifaa ni cha nani

Vifaa vya kale havina hadhi moja. Vikombe na vijipira, pete za chuma zinazoshikana na kuachana, na mfuko wa yai ni mali ya wote. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi wa karne ya 1, alivitaja vikombe na vijiwe vya wanamazingaombwe kama jambo ambalo wasomaji wake walilijua tayari, na hakuna mtu aliye hai anayeweza kudai kwamba babu yake ndiye aliyevibuni. Ukitaka kuchonga vikombe vya mninga au kufua vya shaba, anza kazi kesho. Unachopaswa kukiheshimu ni umbo la pekee ambalo fundi fulani alilibuni kwa vikombe vyake mwenyewe na ambalo wanunuzi hulitambua kwa kulitazama tu.

Ugumu unaanza unapofika karne ya 20. Chukua mfano wa mchezo wa kumkata mtu kwa msumeno. Mwanamazingaombwe wa Uingereza P. T. Selbit aliuonyesha hadharani kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Finsbury Park Empire, London, Januari 1921. Kabla mwaka huo haujaisha, Horace Goldin alikuwa akionyesha toleo lake nchini Marekani, na Selbit alipofika huko alikuta mpinzani wake amekwisha kusajili majina mengi ya mchezo kwenye chama cha mameneja wa kumbi, hata akalazimika kuutangaza wake kwa jina la Mwanamke Aliyegawanywa. Kwa hiyo fundi anayepokea leo oda ya “sanduku la kumkata mtu” bado hajaambiwa lolote. Ni sanduku la Selbit, la Goldin, au ni mojawapo ya matoleo yaliyobuniwa baadaye na watu wengine, ambao baadhi yao wangali hai na wanaishi kwa mapato ya kazi hiyo? Kile watazamaji wanachokiona, yaani mtu kukatwa vipande viwili na kuungwa tena, kimekuwa cha wote kwa muda mrefu. Mpangilio mahususi wa toleo fulani, vipimo vyake na mwendo wake jukwaani, huenda si wa wote, na hapo ndipo fundi anapotakiwa kusimama na kuuliza.

Kwa maoni yangu hakuna kifaa kilichodhulumiwa kuliko kabati la Zig Zag, lile ambalo msaidizi husimama ndani yake, sehemu ya katikati ikasukumwa pembeni, na watazamaji wakamwona mtu aliyegawanyika mara tatu huku uso wake, mkono wake na mguu wake vikiendelea kusogea. Aliyelibuni ni Robert Harbin, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi yake Uingereza, katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 alichapisha kitabu kikubwa cha kazi zake kwa nakala 500 tu, na aliyenunua nakala alipata pamoja nayo ruhusa ya kujitengenezea vifaa vilivyomo. Hesabu hiyo inajieleza. Makabati yaliyotapakaa duniani tangu wakati huo ni mengi mno kuweza kuhalalishwa na nakala 500, na mengi yametengenezwa na watu ambao hawajawahi kukiona kitabu chenyewe, kwa kutazama picha za televisheni au kwa kupima kabati la mtu mwingine lililoletwa karakanani kutengenezwa bawaba.

Wauzaji wa makabati hayo hujitetea kwamba kifaa kimeshakuwa cha kale na kila mtu anacho. Kwamba kila mtu anacho huonyesha wizi umekuwa mwingi. Hakuonyeshi kwamba ruhusa ilitolewa. Mteja akikuletea oda ya Zig Zag, mwombe akuonyeshe ruhusa yake ilitoka wapi, na hata akikuonyesha, kumbuka kwamba ruhusa ya mtu kujitengenezea kabati moja la kutumbuizia haikupi wewe ruhusa ya kutengeneza kumi za kuuza.

Utafiti wa umiliki huanzia kwenye orodha za bidhaa za maduka ya zamani. Duka la Davenports la London lilianza mwaka 1898, na kiwanda cha Abbott, katika mji mdogo wa Colon jimboni Michigan, kilianza mwaka 1934. Orodha zao, pamoja na za Floyd Thayer wa Los Angeles, zinaonyesha kifaa kilianza kuuzwa lini na kwa jina la nani. Majarida ya vyama vya wanamazingaombwe yanasaidia pia, kwa sababu wabunifu walikuwa wakigombana humo kwa barua, na ugomvi wa zamani ni hazina kwa mtafiti wa leo. Andika jina la mbunifu, mwaka wa kifaa kuonekana kwa mara ya kwanza, duka lililokiuza kwa idhini, na mrithi wa haki baada ya kifo chake. Usipompata mwenye haki baada ya kutafuta kwa dhati, njia ya salama ni kuchagua kifaa kingine. Wapo wanaosema kwamba kimya cha warithi ni ridhaa. Mimi sikubaliani nao, hasa pale ambapo mbunifu alifariki watu waliomfahamu wakiwa bado hai.

Sheria inaishia wapi

Fundi anayetaka kujua tu kama atashtakiwa atapata jibu la kumfurahisha: mara nyingi hatashtakiwa. Hati miliki, yaani haki ya mtunzi juu ya kazi yake, hailindi wazo wala mbinu. Hataza hulinda uvumbuzi, lakini kwa muda maalumu, ambao siku hizi kwa kawaida ni miaka 20, na ndani ya nchi ilikotolewa tu. Zaidi ya hayo, hataza inamtaka mvumbuzi aeleze hadharani kifaa kinavyofanya kazi, na hilo kwa mwanamazingaombwe ni sawa na kujiuza.

Goldin aliyapata hayo. Alipewa hataza ya mchezo wake wa msumeno nchini Marekani mwaka 1923. Miaka kumi baadaye kampuni ya tumbaku ya R. J. Reynolds ilichapisha matangazo ya sigara za Camel yaliyofichua siri za wanamazingaombwe, ya kwake ikiwamo. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1938 mahakama ya New York ikaitupilia mbali kesi yake, kwa kuwa siri aliyolalamikia alikuwa ameiweka mwenyewe katika hati iliyo wazi kwa kila mtu.

Harry Houdini alikuwa na akili ya upande mwingine. Kabla ya kuonyesha tangi lake la maji, ambalo alining’inizwa ndani yake kichwa chini, aliugeuza mchezo mzima kuwa tamthilia fupi na kuuonyesha Southampton, Uingereza, mwaka 1911, mbele ya mtazamaji mmoja tu, ili apate ulinzi wa kazi ya maonyesho. Hoja hiyo hiyo ilimsaidia Teller, mwanamazingaombwe wa Marekani anayetumbuiza na mwenzake Penn, zaidi ya miaka mia moja baadaye. Katika mchezo wake wa kivuli cha waridi, kisu kinagusa kivuli na petali za ua halisi zinadondoka. Alikuwa ameusajili Marekani mwaka 1983 kama igizo la kimya. Mbelgiji mmoja alipotoa video akiuza kifaa na maelezo ya mchezo unaofanana nao, mahakama ya Nevada iliamua mwaka 2014 kwamba hati miliki ya Teller imekiukwa. Mahakama haikusema kwamba mbinu ya kiinimacho ina hati miliki. Ilisema kwamba onyesho lina hati miliki. Fundi anayeunda kifaa kwa kutazama video ya onyesho la mtu, kisha akakiuza pamoja na onyesho hilo lote, ajue kwamba ametoka kwenye eneo la maadili na kuingia kwenye eneo la sheria.

Pengo linalobaki limezibwa na desturi ya fani. Vyama vikubwa kama Society of American Magicians, kilichoanzishwa 1902, na International Brotherhood of Magicians, cha 1922, vina kanuni ya pamoja inayowataka wanachama waheshimu haki za wabunifu, wasifichue siri kwa makusudi, na wawatunze vizuri wanyama wanaotumika jukwaani. Mtu akivunja kanuni hizo hafungwi, ila atagundua kwamba simu zake hazipokelewi tena.

Kuomba ruhusa na kuiandika

Ukimpata mwenye haki, mwandikie barua fupi iliyo wazi. Mweleze unataka kutengeneza kifaa gani, kwa kufuata mchoro upi, vingapi, kwa muda gani, utaviuza wapi na kwa bei ya kadirio gani, na utamlipa nini. Mrabaha wa kiasi fulani kwa kila kifaa ni bora kuliko malipo ya mkupuo unapokuwa hujui soko, kwa sababu nyote wawili mnabeba hasara na faida kwa pamoja. Usitume picha za kifaa ulichokwisha kukijenga ndipo uombe ruhusa. Hiyo ni sawa na kuomba kuazimwa baiskeli ukiwa umeshaipanda.

Jibu likija, lisome kwa makini, maana zipo haki tatu ambazo watu huzichanganya. Haki ya kutengeneza ni moja, haki ya kuuza ni nyingine, na haki ya kutumbuiza mbele ya watu ni ya tatu. Ya kutumbuiza kwenye televisheni huwa peke yake kabisa, na wabunifu wengi huishikilia wasiitoe. Anayenunua michoro au kitabu chenye michoro kwa kawaida hupata haki ya kujitengenezea kimoja kwa matumizi yake. Ukiwa fundi uliyeajiriwa na mtu wa namna hiyo, tengeneza hicho kimoja, mrudishie michoro, na usibaki na nakala ya vipimo “kwa ajili ya baadaye”. Kila ruhusa iwe kwenye maandishi, hata kama mwenye haki ni rafiki yako mnayekunywa naye kahawa kila jioni, kwa sababu warithi wake hawatakuwapo barazani kusikia mlichokubaliana.

Kujenga kwa ajili ya mtu atakayeingia ndani

Nalichukulia hili kuwa zito kuliko haki ya mbunifu, ingawa linazungumzwa kidogo zaidi. Kifaa kikubwa cha jukwaani kina mtu ndani yake, mara nyingi msaidizi ambaye hakushirikishwa katika ununuzi wala hajui kifaa kilivyounganishwa. Mafundi wa zamani walimpima msaidizi kama fundi cherehani anavyompima mteja wake, na kabati lililojengwa kwa mwili wa mtu mmoja lilikuwa hatari kwa mwingine. Ukijenga kwa oda, mpime msaidizi atakayetumika. Ukijenga kwa ajili ya soko, andika kwenye karatasi inayoambatana na kifaa urefu na uzito wa juu kabisa unaofaa, kisha kijaribu kwa mtu mzito kuliko huo.

Kila mlango ambao mtu anaweza kufungiwa nyuma yake uwe na komeo linalofunguka kutoka ndani kwa mkono mmoja, gizani, bila kifaa chochote. Hewa ipite hata kama pazia la jukwaa limeangukia juu ya sanduku. Kingo za ndani zipigwe msasa vizuri kuliko za nje, kwa kuwa za nje zinaguswa na macho tu. Bapa za chuma zinazoonekana kama visu ziwe butu kweli, na usikubali mteja akushawishi kuzinoa “ili ziking’aa watu waogope”. Vanishi ikauke hadi harufu iishe kabla mtu hajafungiwa humo. Fungua na funga kila bawaba na kila komeo mara mia moja kabla ya kukabidhi, na uandike sehemu zinazochakaa ni zipi na zibadilishwe lini.

Suala hili la uchakavu si la kubuni. Chung Ling Soo, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa William Robinson na alikuwa Mmarekani, alipigwa risasi akiwa jukwaani Wood Green Empire, London, tarehe 23 Machi 1918, katika mchezo wa kudaka risasi, akafariki siku iliyofuata. Uchunguzi wa kifo chake ulionyesha kwamba bunduki ya kiinimacho, baada ya kutumika miaka mingi, ilikuwa imechakaa kwa ndani na baruti ikawa inajipenyeza kidogo kidogo mahali isipotakiwa kufika. Kifaa kilikuwa kimefanya kazi sawasawa kila usiku hadi usiku ule. Ushauri wangu kuhusu bunduki za namna hiyo ni mfupi: usizitengeneze kabisa, hata kwa mkusanyaji anayeapa kwamba ataitundika ukutani, na kumbuka kwamba katika nchi zetu kutengeneza au kumiliki silaha bila leseni ni kosa.

Wanyama nao wanaingia hapa. Tundu la ndege linalotoweka, lililotambulishwa na Mfaransa Buatier de Kolta katika miaka ya 1870, lilizua mashaka makubwa hata mwaka 1921 mwanamazingaombwe Carl Hertz akaitwa kulionyesha mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza ili kuthibitisha kwamba ndege wake haumii. Hertz alifaulu, lakini si kila mnunuzi ana mikono ya Hertz. Uza tundu hilo pamoja na ndege wa bandia aliyetengenezwa vizuri, na useme wazi kwenye maelezo kwamba halikutengenezwa kwa ajili ya ndege hai.

Mali ghafi inahitaji tahadhari yake. Fimbo na vijipira vya kale vilitengenezwa kwa pembe za ndovu. Usizitumie, na usinunue vipande vya zamani ili kuvichonga upya. Mpingo wetu, unaopendeza sana kwa fimbo, umo pamoja na jamaa zake wote wa jenasi ya Dalbergia katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, na masharti yake hutegemea uzito na aina ya bidhaa. Kabla ya kusafirisha nje ya Tanzania, uliza Wakala wa Huduma za Misitu, na hifadhi risiti ya ulikonunua gogo.

Neno kuhusu mapambo. Vifaa vingi vya kale vimejaa joka na maandishi yanayodaiwa kuwa ya Kichina, kwa sababu ilikuwa desturi ya Wazungu kujifanya watu wa Mashariki. Theo Bamberg, Mholanzi, alijiita Okito na kuvaa majoho ya Kichina kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Ukitengeneza nakala ya makumbusho, mapambo hayo ni sehemu ya historia yake. Ukitengeneza kwa ajili ya jukwaa la leo, ama mtafute anayesoma Kichina akuandikie maneno halisi, ama uweke nakshi nyingine. Milango ya Lamu na Zanzibar ina nakshi za kutosha maisha mazima.

Nakala isiuzwe kama kitu cha asili

Wakusanyaji hulipa pesa nyingi kwa kifaa kilichotoka mikononi mwa Thayer au Okito, na penye pesa nyingi hapakosi mtu wa kuzeesha mbao. Kuzeesha si dhambi ukisema wazi kwamba umezeesha: jukwaa linaweza kuhitaji kasha lenye sura ya mwaka 1900. Dhambi inaanzia pale ambapo kasha hilo linaweza kuuzwa tena baada yako na mtu asiyesema.

Kwa hiyo weka alama isiyoondoka. Chapa kwa chuma cha moto jina la karakana yako, mwaka na namba ya kifaa kwenye sehemu ya muundo, si kwenye kibao kinachofunguliwa kwa skrubu, ili anayetaka kuifuta alazimike kuharibu kifaa. Iwe mahali ambapo watazamaji hawaioni ila mnunuzi anaweza kuonyeshwa. Usichape jina wala nembo ya fundi wa zamani hata kwa heshima. Heshima yake iandike kwenye hati. Hati hiyo, ambayo naiona kuwa nusu ya kifaa, itaje mbunifu, mwaka wa kifaa cha kwanza, mchoro uliofuatwa, ruhusa iliyotolewa na nani, mabadiliko uliyofanya wewe, aina ya mbao, na haki ambazo mnunuzi anazipata na ambazo hazipati. Bakiza nakala yako. Fundi asiyeweza kuijaza hati hiyo bila kuacha mistari mitupu hajamaliza utafiti wake.

Kulinda siri unapotangaza

Mnunuzi anataka kuona anachonunua, nawe huwezi kumwonyesha bila kumpa kile anacholipia. Suluhisho la desturi ni kuonyesha sura ya nje na onyesho zima kama mtazamaji anavyoliona, kueleza kwa ukweli masharti ya jukwaa, kisha kutoa siri baada ya malipo. Masharti hayo yasifichwe: kama kifaa hakifai kutazamwa kutoka pembeni, kama kinahitaji watu wawili wa kukisukuma, kama hakipiti kwenye mlango wa kawaida, sema kabla pesa haijatoka. Kumwambia mteja kwamba kifaa hufaa “popote” ilhali kinahitaji ukumbi wenye mwanga maalumu ni ulaghai wa kawaida kabisa, hata kama umefunikwa na usiri wa fani.

Usipige picha za ndani, usirekodi hatua za ujenzi na kuziweka mtandaoni, na usiache kifaa kikiwa wazi karakanani. Unapohitaji msaada wa nje, gawanya kazi: fremu itengenezwe na fundi wa Keko, Dar es Salaam, vyuma vifuliwe na wa Kamukunji, Nairobi, na uunganishaji ufanye mwenyewe. Vijana wako wa karakana, ambao lazima wataona kila kitu, waeleze tangu siku ya kwanza kwamba wanachokiona si chao wala si chako. Historia ina onyo lake: Paul Valadon alifanya kazi katika ukumbi wa Maskelyne, London, kisha akaenda Marekani kwa mwanamazingaombwe Harry Kellar, na wanahistoria wengi wa fani wanaamini kwamba siri ya kumwelea mtu hewani ilivuka bahari pamoja naye. Valadon hakuhitaji kubeba ubao hata mmoja.

Kumchagua mnunuzi

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma mwanamazingaombwe Jean Eugène Robert-Houdin nchini Algeria, ili kwa michezo yake awatishe wananchi na kupunguza nguvu za viongozi wa dini waliokuwa wakichochea upinzani. Miongoni mwa vifaa alivyobeba ni sanduku dogo ambalo mtoto aliliinua na mwanamume mwenye nguvu akashindwa. Jukwaani Paris lilikuwa burudani; Algiers lilikuwa silaha ya ukoloni, na mbao zilikuwa zile zile. Naliona tukio hili kuwa kipimo bora kwa muuzaji kuliko kanuni yoyote ya chama: uliza kifaa kitatumika mbele ya nani, na watu hao wataambiwa wanaona nini.

Biashara ya vifaa imewahi kuwahudumia matapeli kwa uwazi kabisa. Mwaka 1901 kulitoka Chicago orodha ya bidhaa iliyolenga watu waliodai kuzungumza na wafu, ikiwauzia njia za kuwatokezea wafiwa mizimu ya ndugu zao. Kinyume chake, John Nevil Maskelyne, ambaye asili yake ilikuwa fundi saa, alipolitazama mwaka 1865 kabati la ndugu wawili Davenport (si wenye duka la London) lililodaiwa kufanya kazi kwa nguvu za roho, alijijengea lake na kuonyesha mbele ya umma kwamba mambo yale yale yanafanyika kwa ufundi tu.

Kwetu hatari hiyo ina sura mbili. Ya kwanza ni mashine ya kuchapa noti, kile kifaa kidogo chenye rola mbili kinachoingiza karatasi tupu na kutoa pesa, ambacho ni mchezo mzuri wa watoto na ni chombo kamili cha tapeli wa kuzalisha pesa, wale ambao Nairobi wanaitwa wash wash. Ukikitengeneza, kiwe kidogo kisichopokea noti halali, kipakwe rangi za sarakasi, na neno MAZINGAOMBWE lichongwe mbele badala ya kubandikwa. Msikilize mteja anavyouliza. Mtumbuizaji huuliza kama watu watacheka na kama kinatumika mbele ya shule nzima. Tapeli huuliza kama kinaweza kuonekana cha kiwandani na kama mtu akikaa nacho peke yake atashuku.

Sura ya pili ni mbaya zaidi. Kifaa kinachofanya kitu kitoweke, kitokee au kibadilike rangi, kikiwa mikononi mwa mganga tapeli anayedai “kumfichua mchawi”, kinaweza kumgharimu bibi kizee maisha yake, na watu wa Shinyanga na Mwanza hawahitaji kuelezwa zaidi. Mteja akikataa kusema anatumbuiza wapi, akitaka kifaa kisicho na alama, au akikuomba umfundishe kukificha ndani ya kibuyu au tunguri, mrudishie malipo ya awali yote na usimpe hata mchoro. Huna deni la kumweleza sababu.

Baada ya kuuza

Weka daftari la kila kifaa na mnunuzi wake, na umpe mnunuzi sharti la kukuarifu anapokiuza, ili hati ihame pamoja na kifaa. Toa vipuri vya sehemu zinazochakaa kwa gharama zake tu kwa miaka kadhaa. Msaidizi asining’inie kwenye springi iliyochoka kwa sababu mwenye kifaa anaona bei ni kubwa. Ukigundua kasoro ya usalama, waandikie wote waliomo daftarini siku hiyo hiyo.

Na ikitokea mtu akajitokeza na ushahidi kwamba kifaa unachokiuza ni chake, na utafiti wako haukumfikia, simamisha uuzaji kabla ya kujibu barua yake. Mpe orodha ya vilivyouzwa, idadi na bei, bila majina ya wanunuzi mpaka wenyewe waridhie, kisha mwombe ataje mrabaha wa vilivyokwisha kutoka. Wanunuzi nao wajulishwe, kwa kuwa walilipa wakiamini hati uliyowapa. Vilivyobaki karakanani visiuzwe kwa jina jingine wala kubadilishwa umbo kidogo ili vionekane vipya. Mwenye haki ndiye aamue kama vitalipiwa na kuuzwa, kama vitavunjwa, au kama atavichukua yeye kwa bei ya mbao na kazi.